Erasto wa Korintho na Wenzake

Mwezi Aprili mwaka 1929, wachimbaji wa mambo ya kale kutoka chuo cha Wamarekani kilichoko Athens walikuwa wakiondoa udongo karibu na ukumbi wa kale wa maigizo mjini Korintho, kusini mwa Ugiriki. Chini ya kifusi wakakuta sakafu ya mawe, na ndani ya sakafu hiyo bamba la kijivu lenye maandishi ya Kilatini. Herufi zilikuwa kubwa, kimo chake sentimita 18 hivi, zimechimbwa kwa kina ili zijazwe bronzi ing'ae juani na kusomeka kwa kila mpita njia. Bronzi yenyewe ilikwisha kung'olewa zamani, maana watu wa karne zilizofuata walikuwa na matumizi mengine nayo. Lakini mashimo ya herufi yalibaki, na ujumbe wake ulikuwa mfupi: Erasto, kwa sababu ya kupewa cheo cha uangalizi wa mji, alitandaza mawe haya kwa fedha zake mwenyewe.

Wale wataalamu hawakuhitaji kufikiri sana kujua kwa nini jina lile lingewasisimua watu. Mtume Paulo aliandika waraka wake kwa Warumi akiwa Korintho, yapata mwaka 57. Mwishoni mwa waraka, baada ya mafundisho mazito, zinakuja salamu za jamaa waliokuwa karibu naye. Mwandishi aliyeshika kalamu, Tertio, anajitambulisha na kusalimu. Gayo, aliyempokea Paulo nyumbani kwake, anasalimu. Kwarto anasalimu. Kati yao yumo Erasto, na cheo chake kimetajwa: mtunza fedha za mji. Watu wengi katika nyaraka za Paulo wanatajwa kwa imani yao au kwa udugu wao. Huyu ametajwa kwa kazi yake ya serikali, jambo ambalo ni nadra mno katika maandiko yale.

Je, Erasto wa salamu ndiye Erasto wa bamba? Swali hilo limewashughulisha wasomi tangu mwaka ule wa 1929, na bado hawajakubaliana. Wanaosema ndiye wanaonyesha kwamba mji ni mmoja, jina ni moja na nalo si la kawaida, na kwamba bamba linaweza kuwa la katikati ya karne ya kwanza. Kwao, mtu huyu alianza kama mtunza fedha, kisha akapanda na kuchaguliwa mwangalizi, mmoja wa wawili waliochaguliwa kila mwaka kusimamia barabara, masoko na majengo ya umma. Wanaokataa wanajibu kwamba neno la Kigiriki alilotumia Paulo lingeweza kumhusu hata mtumwa wa mji aliyepewa daftari la mapato, na kwamba mtumwa hawezi kuwa mgombea wa cheo. Wengine wanalisogeza bamba lenyewe hadi karne ya pili, na hapo hoja ya kwanza inaanguka yote. Tena upande wa kushoto wa jiwe umevunjika. Majina ya ukoo yaliyotangulia neno Erasto, yale ambayo yangeonyesha alitoka nyumba gani, yamepotea pamoja na kipande hicho.

Ushahidi uliopo hauwezi kuamua. Lakini hata asiyekubali kwamba hao wawili ni mtu mmoja anabaki na jambo la kutafakari: katika mji uleule, jina hili lilibebwa na watu walioutumikia mji kwa hesabu na kwa mawe.

Korintho yenyewe ilikuwa mahali pa watu wa namna hiyo. Jeshi la Roma liliubomoa mji wa Wagiriki mwaka 146 kabla ya Kristo, na eneo likakaa karibu magofu kwa miaka mia moja. Julius Caesar akaufufua mwaka 44 kabla ya Kristo kama koloni la Kirumi, na wengi wa wakazi wapya walikuwa watumwa walioachwa huru. Hawa hawakuwa na baba wa kujivunia wala shamba la kurithi. Walikuwa na bandari mbili, moja kila upande wa shingo ya nchi, biashara, na hamu ya kupata heshima waliyonyimwa. Mtu akipata fedha alijenga kitu cha umma na kuandika jina lake juu yake. Erasto wa bamba anafanana nao kabisa. Jina lake ni la Kigiriki ingawa maandishi ni ya Kilatini, na majina ya Kigiriki katika miji ya Warumi mara nyingi yalikuwa ya watumwa au ya wajukuu wa watumwa.

Jina linatokana na kitenzi cha Kigiriki cha kupenda, na maana yake ni mtu apendwaye, mwenye kupendeza. Bwana aliyemnunua mtoto sokoni aliweza kumpa jina la namna hiyo bila kufikiri mara mbili, sawa na jina la kumpamba. Lakini mzazi huru aliyempata mtoto kwa shida aliweza kulitamka kwa moyo wake wote. Jina lilikuwa lilelile, ingawa nyumba mbili hizo zilikuwa mbali sana.

Na lilikuwapo zamani za kale kabla ya Paulo. Miaka mia nne kabla ya waraka kwa Warumi, mji mdogo wa Skepsis, katika vilima vya kaskazini-magharibi ya nchi ambayo leo ni Uturuki, ulitoa vijana wawili waliovuka bahari kwenda Athens kusoma kwa Plato. Mmoja aliitwa Koriskos, na mwingine Erasto. Walipomaliza wakarudi kwao, na huko wakafanya urafiki na Hermias, mtawala wa Atarneus, mji wa pwani jirani. Katika mkusanyiko wa barua zinazobeba jina la Plato, ya sita imeandikwa kwa watu hawa watatu. Wapo wasiokubali kwamba Plato ndiye aliyeiandika, lakini ujumbe wake unaeleweka: hawa wawili wana elimu na tabia njema ila hawaujui ulimwengu na hila zake. Hermias ana nguvu ila anahitaji marafiki wa kuaminika. Basi washikamane.

Wakashikamana. Plato alipofariki mwaka 347 kabla ya Kristo, Aristotle aliondoka Athens na kufika kwa Hermias, akakaa katika mji wa Assos, ng'ambo ya kisiwa cha Lesbos. Papiri iliyopatikana Misri na kuchapishwa mwaka 1904 inaeleza kwamba Hermias aliwapa wanafalsafa hao mji wa Assos, na kwamba kwa ushawishi wao alilainisha utawala wake. Erasto yumo kati ya waliotajwa humo. Huko Assos Aristotle alifundisha, akachunguza viumbe wa baharini, akamwoa Pythias, jamaa ya Hermias. Miaka michache baadaye Waajemi walimkamata Hermias kwa hila wakamwua.

Historia haikuwagawia Erasto wa Skepsis na mwenzake sehemu sawa. Koriskos alipata umaarufu wa ajabu: Aristotle alipohitaji jina la mfano katika vitabu vyake vya mantiki, mara kwa mara aliandika Koriskos, kama mwalimu wa leo anavyomtaja Juma katika hesabu ya maembe. Mwana wa Koriskos, Neleus, ndiye aliyerithi maktaba yenye vitabu vya Aristotle, akavipeleka Skepsis, ambako warithi wake, kwa maelezo ya mwanajiografia Strabo, walivificha chini ya ardhi hadi vikaliwa na unyevu na wadudu. Erasto hakuacha mwana anayejulikana, hakuacha kitabu, wala hakufanywa mfano wa mantiki. Ametajwa tu kati ya watu waliokuwapo.

Nafasi hiyo ya pembeni inamfuata kila anayeitwa jina hili, na ni hapo uzuri wake ulipo. Majina makubwa ya Kigiriki yalibebwa na wafalme na majemadari, yakaenea kwa upanga: Alexander peke yake alijaza miji na watoto kutoka Misri hadi India. Erasto halikuwahi kuwa na mfalme. Lilivuka karne kwa watu waliotumwa, waliobaki nyuma kuangalia mambo, waliolipa na kuvusha. Kitabu cha Matendo ya Mitume kinasema Paulo, akiwa Efeso, aliwatuma Makedonia wasaidizi wake wawili, Timotheo na Erasto. Timotheo ana nyaraka mbili zenye jina lake. Erasto ana mstari huo mmoja, na katika waraka wa pili kwa Timotheo ana nusu ya mstari mwingine: kwamba alibaki Korintho.

Mfano mzuri kuliko yote hauko katika Biblia. Mwaka 129, Mfalme Hadrian wa Roma aliwaandikia wakuu wa Efeso barua ambayo ilichongwa kwenye jiwe na kuhifadhiwa. Ilimhusu nahodha, Lucius Erastus, raia wa mji huo. Hadrian aliwaambia kwamba mtu huyu amekuwa akisafiri baharini kwa muda mrefu, kwamba huwavusha magavana, na kwamba yeye mwenyewe mfalme amepanda chombo chake mara mbili. Sasa nahodha anataka kuwa mjumbe wa baraza la mji. Mfalme hakuwaamuru. Aliwaomba wamchunguze, na kama hana kizuizi na anastahili, ile ada ambayo wajumbe wapya hulipa ataitoa yeye. Mtawala wa dola kutoka Uingereza hadi Syria anamlipia baharia kiingilio cha baraza! Ni vigumu kupata barua ya kifalme yenye utu kuliko hii.

Makanisa ya Mashariki yalimhesabu Erasto wa Korintho kati ya wale wanafunzi sabini wa Bwana, na Waorthodoksi humkumbuka tarehe 10 Novemba pamoja na Tertio, Kwarto na Sosipatro, jamaa walewale wa salamu za Warumi. Hata hivyo Ulaya ya zama za kati haikulishika jina hili. Watoto walibatizwa kwa majina ya watakatifu waliokuwa na makanisa, masalia na sikukuu za mavuno, na Erasto hakuwa na hayo.

Lilirudi kwa mlango wa pili. Mwaka 1524, Baden huko Uswisi, alizaliwa Thomas, mtoto wa ukoo ulioitwa Lüber au Lieber. Wasomi wa wakati huo walipenda kugeuza majina yao ya ukoo kuwa ya Kigiriki au Kilatini, na kwa kuwa lake lilisikika kama neno la Kijerumani la mpendwa, akajiita Erastus. Akawa daktari wa tiba, profesa katika Chuo Kikuu cha Heidelberg, mpinzani mkali wa tabibu Paracelsus, na kwa bahati mbaya mtetezi wa kuwaua walioitwa wachawi. Ugomvi uliomfanya akumbukwe ulihusu kanisa. Baadhi ya Wakalvini wa Heidelberg walitaka wazee wa kanisa wapewe mamlaka ya kuwatenga wakosaji na meza ya Bwana, na Erastus akaandika kupinga. Alifariki Basel mwaka 1583, na maandishi yake yakachapishwa London mwaka 1589. Miaka ya 1640, wakati Waingereza wakibishana jinsi ya kupanga kanisa lao, kila aliyesema serikali iwe juu ya kanisa alibandikwa jina la mfuasi wa Erastus. Daktari mwenyewe alikuwa amesema machache kuliko hayo. Jina lilitumika hivyo katika vitabu vya siasa na dini kwa karne tatu, likibeba mzigo ambao mwenyewe hakuufunga.

Wakati huohuo Wapuritani waliokwenda Amerika walikuwa na desturi nyingine. Waliifungua Biblia na kutafuta majina hata pembeni kabisa mwa kurasa zake, mahali ambapo mapokeo ya watakatifu hayakufika. Ndiyo maana New England ilijaa akina Thaddeus, Hezekiah na Erastus. Kufikia mwishoni mwa karne ya 18 jina lilikuwa limekaa vizuri, na waliopewa jina hilo walikuwa watu wa kazi kwelikweli. Erastus Fairbanks wa Vermont, aliyezaliwa mwaka 1792, alianzisha pamoja na ndugu yake Thaddeus kiwanda cha mizani ya kupimia mizigo mizito, kisha akawa gavana wa jimbo lake. Erastus Bigelow alibuni mitambo ya kufuma mazulia. Erastus Beadle alianza mwaka 1860 kuchapisha hadithi za bei ya senti kumi, vitabu ambavyo askari na vibarua waliweza kuvinunua. Erastus Corning, mfanyabiashara wa vyuma mjini Albany, aliunganisha mwaka 1853 kampuni kumi za reli kuwa moja, New York Central, na ndiye aliyeandikiwa na Rais Lincoln mwaka 1863 barua maarufu ya kutetea kukamatwa kwa raia wakati wa vita. Kitukuu wake, aliyebeba jina hilohilo, alikuwa meya wa Albany kuanzia mwaka 1942 hadi alipofariki mwaka 1983.

Lakini mwenye historia ya kusisimua zaidi kati yao ni Erastus Smith, aliyezaliwa New York mwaka 1787 na kupoteza usikivu tangu utotoni. Alihamia Texas iliyokuwa bado ya Mexico, akaoa mjane wa Kimexico, akajifunza nchi ile kwa macho hadi akaifahamu kuliko waliokuwa wakisikia. Texas ilipoasi, alikuwa mpelelezi wa Jenerali Sam Houston. Tarehe 21 Aprili 1836, kabla ya mapigano ya San Jacinto, alitumwa na watu wachache kuharibu Daraja la Vince ili jeshi la Mexico chini ya Santa Anna lisipate njia ya kurudi. Alilivunja, akarudi mbio vitani, na siku hiyo vita vikaisha kwa dakika chache. Mwaka uliofuata alifariki. Wilaya moja ya Texas ina jina lake hadi leo, na sura yake iliwekwa kwenye noti ya dola tano ya Jamhuri ya Texas. Ila wilaya hiyo inaitwa Deaf Smith, Smith Kiziwi. Jina alilopewa na wazazi limeachwa nje ya ramani.

Baada ya hapo jina likaingizwa matopeni. Wamarekani weusi wengi walibeba majina ya Biblia, na Erastus lilikuwa miongoni mwayo. Katika maonyesho ya jukwaani ambamo weupe walijipaka masizi ili kuwakejeli weusi, kifupisho chake, Rastus, kikafanywa jina la mhusika wa kubuniwa: mtu mweusi anayechekacheka, mvivu, mwizi wa kuku. Filamu bubu za mwanzoni mwa karne ya 20 zikamwendeleza. Kampuni ya uji wa ngano wa Cream of Wheat, iliyoanza mwaka 1893, ikamweka mpishi mweusi kwenye makasha yake na kumwita Rastus, na katika tangazo moja la mwaka 1921 akaonyeshwa kama mtu asiyejua kuandika sawasawa. Jina lililokuwa la mtunza fedha na nahodha likawa tusi. Weusi walikuwa na sababu ya kuliepuka ili mtoto wao asichekwe, weupe hawakulitaka tena, na kufikia katikati ya karne lilikuwa karibu limetoweka kwa watoto wachanga. Picha ya yule mpishi iliondolewa kwenye makasha baada ya mjadala wa mwaka 2020 kuhusu ubaguzi wa rangi. Jina halijarudi.

Katika miongo hiyohiyo, upande wa pili wa dunia, lilikuwa likiandikwa kwa heshima katika madaftari ya ubatizo.

Askofu Edward Steere wa Zanzibar na wasaidizi wake Waswahili walikuwa wametafsiri Agano Jipya katika karne ya 19, na mwanzoni mwa miaka ya 1890 Biblia nzima ikapatikana kwa Kiswahili cha Unguja. Mwaka 1952 ikatoka ile ya Muungano ambayo bado iko katika nyumba nyingi. Katika Kiswahili, majina ya Agano Jipya yalivuliwa mwisho wake wa kigeni yakapewa irabu: Petro, Paulo, Tito, Filemoni. Erasto likakaa kinywani bila shida, mfuatano wa s na t ukiwa tayari umezoeleka katika jina la Kristo mwenyewe. Kwa mzazi wa Usambara, Kilimanjaro au Kigoma aliyeingia kanisani akitafuta jina la mwanawe, kulikuwa na akina Yohana na Petro kila nyumba. Erasto lilikuwa la Biblia bila ubishi wowote, na bado liliweza kumtofautisha mtoto kijijini. Lilikuja safi, bila daktari wa Heidelberg na bila masizi ya jukwaani. Wakenya kwa kawaida walilichukua katika umbo la Kiingereza, ndiyo maana aliyekuwa Katibu Mkuu wa COMESA, kisha Naibu Mwenyekiti wa Kamisheni ya Umoja wa Afrika, anaitwa Erastus Mwencha. Watanzania wakabaki na Erasto. Erasto Mang'enya alikuwa Spika wa Bunge la Tanzania kati ya mwaka 1973 na 1975, na mashabiki wa soka wanamjua Erasto Nyoni aliyeichezea Taifa Stars kwa miaka mingi.

Na yupo mwanafunzi wa Magamba.

Mwaka 1963, Erasto Bartholomeo Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanayaacha yapoe, ndipo wanayaingiza kwenye friza. Nafasi ilikuwa ndogo na kila mmoja aliigombea. Siku moja mwenzake, akiogopa kukosa nafasi, aliweka maziwa yake bila kuyachemsha. Mpemba naye, akiona atachelewa, akaingiza yake yakiwa ya moto. Baada ya saa moja na nusu hivi, yake yalikuwa yameganda na ya mwenzake bado ni uji mzito. Alimwuliza mwalimu wa fizikia, akaambiwa amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Baadaye rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu mjini Tanga alimwambia kwamba yeye huziweka zikiwa za moto makusudi, zigande haraka. Alipofika Shule ya Sekondari ya Juu ya Mkwawa, Iringa, na somo la joto likafika, akauliza tena. Mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia. Kuanzia hapo kila alipokosea, darasa zima lilimrudishia maneno hayo.

Hakunyamaza. Siku Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipokuja kuzungumza na wanafunzi, Mpemba alisimama na kuuliza: ukichukua vyombo viwili vyenye maji ya kiasi sawa, kimoja nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, ukaviweka kwenye friza, cha nyuzi 100 kinaganda kwanza. Kwa nini? Wenzake wakacheka. Osborne hakucheka. Aliporudi Dar es Salaam alimwagiza fundi wa maabara ajaribu, na fundi akaripoti kwamba kweli maji ya moto yametangulia, lakini wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi. Walirudia, na jibu likawa lilelile. Mwaka 1969 jarida la Physics Education lilichapisha makala yenye majina mawili, la Mpemba na la Osborne. Wakati huo kijana alikuwa akisomea uhifadhi wa wanyamapori katika chuo kilichoko karibu na Moshi, kazi aliyoendelea nayo serikalini.

Wataalamu bado wanashindana kuhusu kiini cha jambo hilo. Mwaka 2012 Chama cha Kifalme cha Kemia cha Uingereza kilitangaza shindano la kulieleza, na maelezo zaidi ya 22,000 yakapelekwa. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza waliandika kwamba vipimo vyao havikuona athari yoyote katika maji. Mwaka 2020 wengine, wakitumia chembe ndogo ndani ya kimiminika, walionyesha katika jarida la Nature kwamba mfumo wenye joto zaidi unaweza kweli kuutangulia ulio vuguvugu. Leo wanafizikia wa chembe ndogo kabisa wanaitumia dhana hiyo katika tafiti ambazo hazihusu aiskrimu hata kidogo.

Jambo hili lilikuwa limeonekana kabla. Katika kitabu chake kuhusu mambo ya anga, Aristotle aliandika kwamba watu wengi wanaotaka maji yapoe upesi huyaweka kwanza juani, na kwamba wavuvi wa Ponto, wanapopiga kambi juu ya barafu, humimina maji ya moto kuzunguka matete yao kwa kuwa huganda haraka zaidi. Ponto iko pwani ya Bahari Nyeusi, na Aristotle, kama tulivyoona, aliwahi kuishi ugenini Assos akiwa na rafiki zake. Mmoja wao, kwa ushahidi wa ile papiri, alikuwa Erasto wa Skepsis. Hakuna uzi unaoyafunga mambo hayo mawili isipokuwa jina. Lakini mpenda historia ana haki ya kufurahi kwamba swali la zamani lililolala katika kitabu cha Aristotle liliamshwa, karne 23 baadaye, na kijana wa Kitanzania mwenye jina la rafiki wa Aristotle.

Vitabu vya sayansi duniani vinaliita jambo hili athari ya Mpemba, na ni haki yake. Hata hivyo, kama ilivyokuwa kwa yule kiziwi wa Texas, jina la kwanza linabaki nje. Walimu wa fizikia wanaofika kwenye mada ya joto, hasa Lushoto, Tanga na Iringa, wamtaje kwa jina lake kamili: Erasto Bartholomeo Mpemba, mwanafunzi wa Magamba. Na mwanafunzi aitwaye Erasto akiwa darasani, mwalimu amsimamishe aisome habari hiyo mbele ya wenzake.